Mgongo Wazi: Kidonge cha Foliki Kianze na Singo, Kisingoje Kliniki

Kidonge cha kuongeza damu wanachopewa wajawazito kliniki, kile wahudumu wanachokiita IFAS, kina vitu viwili: madini ya chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400. Chuma kitamfaa mama hata akianza mwezi wa tano. Foliki nayo itamsaidia kutengeneza damu, lakini ile kazi yake kubwa, kuukinga uti wa mgongo wa mtoto usibaki wazi, wakati wake umeshapita zamani. Kidonge kipo Lamu na kipo Malindi. Kinachokosewa ni tarehe.

Siku ya 18 hivi tangu mimba kutunga, sehemu itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo ni bamba bapa tu la seli. Kingo zake huinuka, zikaelekeana, na kwenye siku ya 22 zikagusana na kugandana mahali patakapokuwa shingo, bamba likaanza kuwa mrija. Kutoka hapo mshono huenda pande mbili, juu na chini. Mwisho wa kichwani huziba siku ya 25 hivi, wa chini siku ya 27 au 28. Kiinitete chote wakati huo kina milimita 4, kifupi kuliko punje ya mchele. Kliniki huhesabu kuanzia hedhi ya mwisho, kwa hiyo siku ya 28 kwa hesabu yao ni wiki ya sita. Yaani mama amechelewa hedhi wiki mbili tu, pengine bado anadhani ni uchovu wa safari, na mrija umeshafunga au umeshashindwa kufunga.

Anayekunja sambusa anajua: manda, ile ngozi nyembamba ya unga, ikikosa kugandishwa kona moja, hufumuka kona hiyohiyo. Mrija usipoziba juu, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto huyo haishi zaidi ya saa au siku chache. Usipoziba chini, ndio mgongo wazi: neva za kiunoni ziko nje, mara nyingi ndani ya kifuko chembamba chenye maji. Kadiri uwazi ulivyo juu mgongoni, ndivyo miguu inavyozidi kukosa nguvu.

Kwa hiyo ushauri wetu ni wa arusini. Somo (kungwi) akianza kumsinga bibi arusi, yaani kumsugua kwa singo ya manukato, kidonge cha foliki kiwe kwenye sinia moja na singo na udi. Mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mzima kabla ya mimba, kisha kuendelea mpaka wiki ya 12. Aliyekwisha zaa na anayetaka kuacha sindano ya uzazi wa mpango aanze siku anayoamua kuacha. Na asiyepanga, anayesema litakalokuja ni la Mungu, huyo ndiye hasa wa kukimeza kila siku, kwa sababu hana tarehe ya kuhesabia.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo makosa yalipo mengi. Ukienda duka la dawa ukasema tu "nipe foliki", mara nyingi utapewa kile kidonge kidogo cha manjano cha miligramu 5. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000, kwa hiyo kidonge hicho ni zaidi ya mara 12 ya kipimo cha kawaida. Si sumu. Lakini pwani yetu ina malaria, na wajawazito hupewa vidonge vya SP (Fansidar) kuanzia wiki ya 13. SP huua kimelea kwa kukizuia kutengeneza foliki yake. Ukimeza miligramu 5 juu yake, unampa adui njia ya uchochoro, na kinga ya malaria inapungua. Mikrogramu 400 haina shida hiyo.

Miligramu 5 ina wenyewe: mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mama au baba aliyezaliwa nao, mwenye kisukari, na anayemeza dawa za kifafa, hasa valproeti. Hawa waanze mapema kwa cheti cha daktari, kisha wiki ya 12 ikifika wahamie mikrogramu 400, SP ianze wakati ile dozi kubwa imeshaachwa. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kuwa dozi ya miligramu 4 ilipunguza mgongo wazi kurudi katika mimba inayofuata kwa karibu asilimia 72. Si asilimia 100, na tusiidai. Wapo waliomeza kila siku na mtoto akazaliwa hivyo. Tusiongeze msiba kwa kumhoji mama alikula nini au alimkosea nani. Na anayetumia valproeti asiiache ghafla kwa hofu. Kifafa kikirudi kwa nguvu kinaweza kumuua yeye na mimba. Aende abadilishiwe dawa kabla ya kubeba.

Chakula je? Kunde, mbaazi, mchicha vina foliki, ila huyeyukia kwenye maji na huharibika kwa moto mrefu; kisamvu kilichotokota saa nzima kisha maji yakamwagwa kimebaki na kidogo. Unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti, kwa sheria ya Kenya tangu 2012, lazima utiwe foliki, basi mahamri ya asubuhi yana sehemu yake. Wali hauna nyongeza hiyo, wala mahindi uliyosagisha mwenyewe kinuni. Mji unaokula wali kila mchana usitegemee sahani.

Ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 mara nyingi huonyesha kasoro. Ikionekana, mama ajipange kuzalia karibu na daktari wa upasuaji wa ubongo na neva, Mombasa au Nairobi. Hospitalini Kijabe nako wamewatibu watoto hawa miaka mingi. Kuvuka na mimba tumboni ni rahisi kuliko kuvuka na kichanga mwenye kidonda.

Akizaliwa kisiwani bila kutarajiwa, kifuko kisipasuliwe, kisipakwe mafuta ya nazi, poda, wala majivu. Lowesha shashi safi ya hospitali kwa maji ya dripu ya chumvi, ile ya asilimia 0.9, funika kifuko, halafu weka karatasi nyembamba ya plastiki safi juu ili isikauke. Iloweshwe tena kila baada ya saa mbili au tatu. Shashi ikikauka hushika ngozi na kuichuna. Maji ya bahari hayafai kabisa: chumvi yake ni karibu mara nne ya ile ya dripu, na yana vijidudu. Mtoto alale kifudifudi. Botini kuelekea Mokowe, gati la bara, njia nzuri ni kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tumbo lake chini na mgongo juu, kanga nyepesi ikiwakinga na marasharasha. Hapo anapata joto na kifuko hakiguswi. Ananyonya kama kawaida. Sindano ya antibiotiki achomwe kabla ya kuondoka, si baada ya kufika. Mgongo ufungwe ndani ya saa 48 hadi 72, kwa sababu vijidudu vikipenya hapo vina njia ya moja kwa moja mpaka kwenye ubongo.

Wengi wa watoto hawa hufuatwa na kichwa maji, yaani maji kujaa ndani ya ubongo. (Neno lenyewe limekuwa tusi mitaani, na wazazi huficha mtoto kwa ajili yake.) Ubongo wa mtu mzima hutoa karibu nusu lita ya maji kwa siku, na huku nafasi yake ni mililita 150 tu, basi lazima yatoke kadiri yanavyoingia. Kwa mwenye mgongo wazi sehemu ya nyuma ya ubongo imevutwa chini shingoni na kuziba mkondo. Pima kichwa kila wiki: utepe upite juu kidogo ya nyusi na masikio, uzunguke kisogo kilipojitokeza zaidi, pima mara tatu, andika kubwa kuliko zote. Utepe wa kitambaa wa fundi cherehani hunyumbuka ukizeeka na kukudanganya. Aliyezaliwa mwezi umetimia huwa na sentimita 35 hivi, na huongeza karibu 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza. Akiongeza 2 kwa wiki mbili, funga safari. Usingoje macho yatazame chini kama jua linalozama, wala utosi uvimbe. Na utosi usikandwe wala kupakwa dawa. Kilichoko chini yake ni mkondo ulioziba.

Tiba ni mpira wa kupeleka maji tumboni, au kutoboa njia mpya ndani ya ubongo, upasuaji ulioendelezwa sana Mbale, Uganda. Kwa anayeishi Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, tungeuliza kwanza kama hii ya pili inawezekana, kwa kuwa mpira huziba, na sehemu kubwa huziba mwaka wa kwanza. Kutapika, usingizi mzito au homa kwa mwenye mpira hakusubiri Jumatatu. Namba ya mwenye boti la usiku ikae kwenye simu ya kila mtu nyumbani.

Kinachoua kimyakimya ni figo. Kibofu kisichopata habari ya neva hujaa, mkojo ukarudi juu. Mpira wa mkojo, namba 6 kwa kichanga, uingizwe kila saa tatu au nne za mchana: nawa kwa sabuni, safisha kutoka mbele kwenda nyuma, paka jeli ya maji (si Vaseline), ingiza polepole mpaka mkojo utoke, ongeza sentimita moja, bonyeza tumbo kidogo, kisha vuta taratibu ukisimama kila mkojo unapotoka tena. Ukimaliza osha, suuza, anika.

Akianza kutambaa, mvishe soksi nene. Sakafu ya chokaa na mawe ya matumbawe humchuna magoti na vidole asisikie, mchanga wa saa saba humbabua akiwa anacheka. Kila usiku, kabla ya chandarua, geuza nyayo zote mbili kwenye taa uzitazame.