Hisabati au Sayansi ya Kompyuta? Jipime kwa Namba Tasa

Msimu wa kuomba vyuo ukikaribia, wadogo zangu huniuliza swali lile lile: nisome hisabati au sayansi ya kompyuta? Mimi nilisoma shahada ya kwanza ya hisabati, ya pili ya sayansi ya kompyuta, na leo nakula kwa kuandika programu. Kote nimepita, na nina msimamo: kabla ya kuuliza habari za ajira, jiulize ni ugumu wa aina gani utakaoishi nao miaka mitatu au minne bila kuuchukia.

Hilo halijulikani kwa kusoma vipeperushi vya vyuo. Tenga jioni mbili ujipime.

Jioni ya kwanza, andika programu ya kuorodhesha namba tasa zote zilizo chini ya milioni 1. Jibu sahihi ni namba 78,498. Ukipata 78,499, huenda umeihesabu 1 kuwa tasa. Tafuta kosa lilipo. Programu ikishatoa jibu sahihi, ipe kasi. Badala ya kuijaribu kila namba kwa kuigawa, tumia chekeche la Eratosthenes: iache 2, ufute vigawe vyake vingine vyote, kisha ufanye hivyo kwa 3, kwa 5, na kuendelea. Ukifika 1,000 unaweza kusimama, kwa kuwa hicho ndicho kipeuo cha pili cha milioni. Tazama muda unavyopungua.

Jioni ya pili, zima kompyuta. Baki na karatasi na swali moja: namba tasa zina mwisho? Programu yako haiwezi kulijibu hata uiache ikizunguka mwaka mzima. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilijibu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Chukua orodha yoyote ya namba tasa, zizidishe zote pamoja, ongeza 1. Ukiigawa namba hiyo mpya kwa yoyote iliyomo kwenye orodha, kinabaki 1. Basi kigawo chake kilicho tasa lazima kiwe nje ya orodha, na orodha haijakamilika. Funga ulichosoma, kalale, kesho yake uandike uthibitisho huo kwa maneno yako mwenyewe. Wengi huteleza hapa kwa kudai kwamba namba mpya yenyewe ni tasa. Si lazima iwe hivyo: zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, ongeza 1, utapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509. Uthibitisho bado umesimama. Ukiona kwa nini umesimama, na ukafurahi kuona, una moyo wa mwanahisabati.

Jioni ipi ulisahau kula? Lipe jibu hilo uzito kuliko ushauri wa mtu yeyote, pamoja na wangu.

Usiipime shahada kwa mwaka wa kwanza, maana kote utakutana na kalkulasi na somo la utangulizi wa programu. Tofauti huanza mwaka wa pili. Kwenye hisabati kukokotoa kunapungua na kuthibitisha kunatawala. Nimeona vijana waliokuwa wepisi wa hesabu shuleni wakishtuka kukuta swali la kurasa mbili lisilo na namba hata moja. Kwenye sayansi ya kompyuta kuna mifumo endeshi, kompaila (programu zinazotafsiri ulichoandika kuwa lugha ya mashine), hifadhidata, mitandao. Lakini anayeikimbilia ili kuikwepa hisabati ajue kwamba ataikuta huko inamsubiri. Swali alilolitoa mwanasayansi wa kompyuta Stephen Cook mwaka 1971, kama kila tatizo ambalo jibu lake huhakikiwa upesi linaweza pia kutatuliwa upesi, ni la sayansi ya kompyuta, nalo ni hisabati tupu. Halijapata jibu mpaka leo.

Kuna jambo naona halisemwi vya kutosha. Kuandika programu unaweza kujifunza mwenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mashine inakurudishia makosa yako papo hapo. Karatasi haifanyi hivyo. Uthibitisho wenye tundu utauona mzima mpaka mtu aliyekuzidi aupitie na kalamu. Mtu huyo anapatikana chuoni, na nje ya chuo ni adimu sana. Ndiyo maana moyo wako ukiwa umegawanyika sawasawa kabisa, nakushauri usome hisabati na uchukue kozi zote za programu utakazoruhusiwa. Kuhamia sayansi ya kompyuta kwenye shahada ya pili ni rahisi kuliko kurudi nyuma.

Ila kama ndoto yako ni kujenga mifumo, usizunguke, nenda sayansi ya kompyuta. Na ukichagua hisabati, tambua kwamba mwajiri hatasoma uthibitisho wako. Atataka kuona programu ulizoandika, kwa hiyo anza kuziandika mapema, hata ndogo, na uzihifadhi mahali anapoweza kuziona.

Kabla ya kujaza fomu, tafuta mitihani ya zamani ya mwaka wa pili ya shahada zote mbili. Hutaielewa, na si lazima uielewe sasa. Isome taratibu, uone ni maswali yapi yanayokufanya utamani kujua jibu.