Obama kabla ya Washington

Swali: Mhariri, salaam. Sisi wa Masasi humtuma mbunge wetu Dodoma. Je, Barack Obama naye alianzia bunge la taifa?
Msomaji, Masasi, Mtwara

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na Obama alichaguliwa mwaka 1996 kuwa seneta wa jimbo la Illinois, akiwakilisha sehemu ya Chicago katika vikao vya Springfield, makao makuu ya jimbo hilo, kiti alichokitetea kwa ushindi mwaka 1998 na 2002. Mwaka 2000 aliwania ubunge wa taifa, akashindwa vibaya na Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akishikilia kiti hicho, katika kura za maoni za chama chao cha Democratic; kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa alirudi Springfield kuendelea na kazi aliyotumwa na wapiga kura. Seneti ya taifa aliipata katika uchaguzi wa Novemba 2004.