Kabla Hujatuma Hadithi Yako ya Mauaji

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia: "Kaka, nimemaliza hadithi ya upelelezi, maneno elfu tisa. Kuna mkusanyiko unapokea kazi. Nitume?"

Dada yangu, subiri kwanza. Mimi sikusubiri.

Yangu ilikataliwa mara mbili. Mara ya kwanza sikujibiwa kabisa. Ya pili, mhariri aliandika mstari mmoja tu: "Mpelelezi wako anajua mambo ambayo msomaji hajaonyeshwa." Wiki nzima nilinuna, nikasema ananionea. Hadi leo mstari ule unanichoma, maana ulikuwa kweli. Muuaji wangu alinaswa kwa barua iliyozuka ukurasa wa mwisho, msomaji hajawahi kuisikia.

Ndipo nikakaa na Nairobi Noir, mkusanyiko uliohaririwa na Peter Kimani mwaka 2020. Hadithi 14 za uhalifu, za waandishi 14. Yumo Ngũgĩ wa Thiong'o, yumo Kinyanjui Kombani. Hadithi zimetapakaa mitaa ya jiji, na kila mmoja kapewa kurasa chache tu za kumalizia kazi. Hakuna nafasi ya kuzurura! Nikakumbuka pia Detection Club ya London, chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi kilichoanzishwa 1930: waliojiunga walikula kiapo cha kutomficha msomaji kidokezo muhimu. Watu waliapa kwa jambo hili, mimi nikalipuuza.

Nikaifuta ile barua. Badala yake, aya ya pili: umeme umekatika, na mlangoni vimebaki vipande viwili vya kandambili, vyote vya mguu wa kushoto. Basi, sikuongeza neno. Muuaji alitoka gizani amevaa viwili vya kulia, kimoja chake, kimoja cha marehemu. Msomaji aliviona tangu mwanzo, akavipita.

Maneno elfu nane yakabaki elfu nne. Mwezi uliopita imekubaliwa. Nilimsomea mama ile barua pepe mara tatu, na sioni haya kusema nililia.

Kwa hiyo kata. Ukimaliza, kata tena. Kidokezo kiweke mapema, mahali pa wazi. Sote tunatamani jina letu likae kitabu kimoja na wakongwe, lakini wangapi tuko tayari kufuta ukurasa tulioupenda? Msomaji amekupa saa yake nzima, na kumficha ni kumwibia. Tuache uvivu, jamani.

Dada, nitumie ukurasa wa kwanza tu. Nataka nione kama muuaji ameshapita hapo.