Kabla ya galiadi, jifunze kutembea

Nilianza vibaya. Niliona watu wakicheza galiadi, dansi ya kale ya Ulaya, kwenye video, nikaupenda mruko wake, nikaiga peke yangu mbele ya kioo kwa miezi mitatu. Nilipojiunga na kikundi kinachocheza dansi za Ulaya za karne ya 16, ikabainika kwamba natua pigo moja mapema. Galiadi ina hatua tano ndani ya mapigo sita: unarusha miguu mbele mara nne, kwa zamu, kisha unaruka, pigo la tano linakupita ukiwa hewani, na la sita ndilo la kutua, mguu mmoja mbele ya mwingine. Mimi nilitua la tano, nikabaki nimesimama namsubiri mpiga ngoma. Kulitoa kosa hilo miguuni kulinigharimu muda mrefu kuliko kujifunza kwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, weka video kando ufungue Orchésographie, kitabu kilichochapwa Langres, Ufaransa, mwaka 1589. Jina la mwandishi, Thoinot Arbeau, ni herufi za jina lake halisi, Jehan Tabourot, zilizopangwa upya. Alikuwa kasisi, mzee wa karibu miaka 70, na ameandika kwa mtindo wa mazungumzo na kijana mwanasheria, Capriol, anayetaka kufundishwa kucheza. Hazina ya kitabu imo katika mpangilio wake: muziki umeandikwa wima, kutoka juu kwenda chini, na mkabala wa nota limewekwa jina la hatua yake. Unaona kwa macho mguu upi unaangukia pigo lipi. Nilipouona ukurasa wa kwanza wa namna hiyo nilikaa nao usiku kucha.

Anza na branli, dansi ya kikundi ya kwenda pembeni, si galiadi. Mnashikana mikono kwa mstari au duara. Mguu wa kushoto unakwenda pembeni, wa kulia unaufuata, wa kushoto tena, kisha miguu inakutana. Mapigo manne, halafu mnarudi kulia vivyo hivyo. Hesabu kwa sauti, bila muziki, mpaka miguu iache kukuuliza. Baadaye nenda kwenye Branli ya Wafuaji, yenye makofi: Arbeau anasema yanaiga mlio wa wanawake wanaopiga nguo kando ya mto Seine, Paris. Makofi yakienda pamoja, unasikia kweli nguo mbichi ikigonga ubao.

Ugumu unakuja kwenye vitabu visivyosema mengi. Kuna hati ya Brussels ya dansi za kale zaidi, karatasi zake nyeusi, wino wa dhahabu na fedha, ambamo hatua zimeandikwa kwa herufi tupu: R, b, s, d, r. Maelezo ya kuzicheza ni mafupi mno, na mengine utajaza mwenyewe. Yaliyomo kitabuni mimi nayaandika kwa kalamu ya wino, ninayojaza kwa penseli. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza, maana baada ya mwaka hutakumbuka kipi ni chao na kipi ni chako. Katika daftari langu, karibu miondoko yote ya mikono ni penseli.

Na ukihamia kwa Waitalia, uliza kwanza mwalimu wako anafuata kitabu kipi cha Fabritio Caroso, mwalimu wa dansi wa huko: cha 1581 au cha 1600. Katika cha pili alirekebisha mafundisho yake mwenyewe, akidai kila kinachofanywa na mguu wa kushoto kirudiwe na wa kulia. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana jioni nzima, kila mmoja na Caroso wake.