Kaktasi ya kukaanga: ute na miba unatoaje?

Swali: Shangazi, rafiki yangu Mmeksiko alinionjesha kaktasi (mpungate, ule mmea wa miba wenye majani bapa) iliyojazwa chizi, nataka kuipika. Ute na miba natoaje? – Msomaji, Umoja

Jibu: Dada, chagua majani machanga ya ukubwa wa kiganja, vaa glavu ukwangue kwa kisu mpaka vile vinyweleo vidogo viishe, hivyo ndivyo vibaya maana huvioni vikikuchoma. Kutoa ute, chemsha na chumvi na kitunguu dakika 10 hivi, mwaga maji, suuza, halafu pangusa kabisa, yani kabisa, juu yakiwa na maji yai halishiki na mafuta yatakurukia. Weka chizi katikati ya majani mawili, yashikanishe na vijiti vya meno, pitisha kwa unga kisha yai lililopigwa, kaanga. Kwao huliwa na sosi ya nyanya, mimi naona kachumbari inaenda poa zaidi.