Kabla hujatoa picha kwenye video ya mteja

Wadogo zangu mnaoanza kazi za studio hapa Kampala, ombi hili litawafikia mapema. Mtu anaingia na simu mkononi, anasema bibi amefariki, mazishi ni kesho kutwa kijijini, na uso wake mzuri wa mwisho umo kwenye video ya kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya mjukuu. Anataka picha ya kuweka juu ya jeneza na nyingine ya bango. Wengi hukimbilia kuuliza programu gani inatoa picha kwenye video. Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: faili lenyewe, lile lililotoka kwenye kamera, liko wapi?

Video iliyo kwenye simu ya mteja mara nyingi imepitia WhatsApp, na huko imebanwa hadi uso umekuwa mabaka ya rangi. Muulize nani alipiga video ile. Mpigaji huenda bado analo faili kwenye diski, au kuna shangazi aliyekabidhiwa flashi. Nauli ya boda kwenda kuichukua ni ndogo kuliko usiku mzima wa kujaribu kusafisha uchafu usiosafishika. Kama mwenye faili yuko Arua au Mbarara, mwambie akate kipande kinachohitajika tu na akitume kama dokumenti, si kama video. WhatsApp hupokea dokumenti hadi GB 2 na haiibani.

Skrinshoti iepuke. Simu nyingi za bei ndogo zina skrini yenye pikseli (vijidoti vinavyounda picha) 720 kwa upana. Ukicheza video ya kulala huku umeishika simu wima, picha yote inabaki pikseli 720 kwa 405, hata kama faili lilirekodiwa kwa 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160. Umepiga picha ya skrini, hukuchukua kilichomo ndani ya faili.

Baada ya hapo fanya hesabu kabla hujamwahidi mteja ukubwa. Fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama megapikseli 2 tu. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni inchi 6.4 kwa 3.6. Lakini mteja hataki fremu nzima yenye hema na viti, anataka bibi. Ukikata kipande cha wima kwa urefu wote wa fremu, pikseli 810 kwa 1080, unabaki na inchi 2.7 kwa 3.6. Ukishuka hadi nukta 150 unapata inchi 5.4 kwa 7.2, na kwa picha ya kutundika ukutani hiyo inavumilika. Na kama bibi alikuwa theluthi moja tu ya urefu wa picha, zigawanye namba hizo kwa tatu. 4K inakupa mara mbili ya HD kila upande. Bango ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu linatazamwa kwa mbali. Picha ndogo ya kushikwa mkononi ndiyo inayoumbua.

Sasa kuchagua fremu, na hapa ndipo kazi ilipo. Video ya fremu 25 kwa sekunde ina fremu 1,500 kwa dakika moja, na nyingi hazifai. Mpigaji video kwa kawaida huweka shata, muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, kwenye 1/50 ya sekunde ili mwendo uonekane laini. Katika muda huo mkono unaokwenda mita moja kwa sekunde unasogea sentimita 2, basi kwenye picha tulivu mkono huo ni ukungu. Tafuta mahali mwili unapobadili mwelekeo: mwisho wa kupunga mkono, kilele cha kuruka, pale mtu amemaliza kupiga magoti na bado hajaanza kusalimia. Wakati wa ngoma usihangaike na mzunguko wa kiuno, subiri mchezaji atulie. Kufumba na kufumbua jicho huchukua fremu kadhaa, kwa hiyo ukikuta macho nusu, songa mbele fremu 5 au 10, si moja. Anayeongea ana mdomo wa ajabu karibu kila fremu. Msubiri amalize sentensi. Na kwenye harusi zetu zilizojaa wapiga picha, flashi yao ikiwaka inaacha mkanda mweupe nusu ya fremu. Hiyo iruke, ya pili yake huwa safi.

Vifaa havina siri. VLC, programu ya kuchezea video, ni ya bure: simamisha, bonyeza E kusonga fremu moja moja, kisha Shift na S kwenye Windows, na picha inaingia kwenye folda ya picha. Toleo la 3 halirudi nyuma fremu moja moja, basi likikupita rudisha sekunde chache. Mimi hupendelea FFmpeg, programu ingine ya video, ingawa inaogopesha kwa kuwa haina vitufe, unaiandikia amri:

ffmpeg -ss 00:12:05 -i kwanjula.mp4 -t 2 bibi_%03d.png

Inaanza dakika ya 12 na sekunde 5, inatoa fremu zote za sekunde 2, nawe unachagua kati ya picha 50 badala ya kuwinda moja. Hifadhi kwa PNG, isiyopunguza ubora, wakati unafanya kazi, JPEG iwe ya kupeleka kwa mchapaji.

DVD na kanda za zamani zina tatizo lao. Picha ni 720 kwa 576, na kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, hivyo aliyesogea anaonekana na mistari kama meno ya kitana. Washa kiondoa mistari kwenye VLC au FFmpeg, kile kiitwacho Yadif kinatosha, na kama picha ilikuwa ya 4 kwa 3, ipanue iwe 768 kwa 576, la sivyo kila mtu anakonda.

Programu za akili bandia za kukuza uso nazitumia kwa woga. Hazirudishi kilichopotea, zinabuni. Zitampa bibi meno ambayo hakuwa nayo, zitafuta makunyanzi na kung'arisha ngozi, na watoto wake watanyamaza tu wakikuangalia. Afadhali picha laini kidogo iliyo yake.

Kama video si ya mteja mwenyewe, au unataka kuitumia picha kutangaza studio, omba ruhusa. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kuchakata taarifa zake, na uso unaotambulika usiuchukulie kama mapambo ya ukutani.

Ukishapata fremu yako, usipeleke moja kwa moja Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kuagiza saizi kubwa. Kata kipande cha macho na pua tu, kichapwe kwenye karatasi ndogo kwa ukubwa kamili utakaotumika, umwoneshe mteja, na akikubali ndipo uchukue malipo ya awali.