Kutoona mbali: maswali yenu na majibu

*Nimesoma kuwa nusu ya watu wazima wa nchi moja hawaoni mbali. Kwingine, nchi hiyohiyo, nikakuta robo tu. Nimwamini nani?*

Huenda wote wanasema kweli. Uliza kwanza waliopimwa ni wa umri gani, kisha uliza hesabu imeanzia wapi. Watafiti wengi humhesabu mtu kuwa haoni mbali kuanzia dayopta −0.50 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi ya miwani; alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali). Wakianzia −1.00, watu wengi hutoka kwenye orodha bila jicho la yeyote kupona. Zipo pia tafiti zinazouliza tu, "Unavaa miwani?" Hizo mimi sizipi uzito: wapo wanaovaa ya kusomea, na wapo wanaokunja uso kila wakitazama bango na hawajapimwa maishani mwao.

*Tatizo linaongezeka kweli, au vipimo ndivyo vimekuwa vingi?*

Linaongezeka. Marekani, mwaka 1971 na 1972, asilimia 25 ya watu wa miaka 12 hadi 54 hawakuwa wakiona mbali. Kati ya 1999 na 2004 walifika karibu asilimia 42, na ulinganisho huo ulitumia utaratibu uleule wa kupima, kwa hiyo kisingizio cha vipimo hakipo. Kali zaidi ni Seoul, Korea Kusini: mwaka 2010, vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya jeshi walikuwa na tatizo hili kwa zaidi ya asilimia 96.

*Mbona wazee wanaonekana kuwa na nafuu? Macho hupona uzeeni?*

Kutoona mbali kwa kawaida huanza utotoni, jicho lenyewe linaporefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma. Milimita moja tu ya ziada ni kama dayopta mbili na nusu hadi tatu. Jicho likishakua hivyo, halirudi. Mzee wa leo anaona mbali kwa sababu utoto wake ulikuwa tofauti na wa mjukuu wake, kwa hiyo asilimia ya watu wazima inatusimulia mambo ya miaka 20, 40 au 60 iliyopita. Ni kweli umri huweza kupunguza namba ya miwani kidogo, lakini angalia na upande wa pili: bibi akianza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani aliyoizoea, msishangilie. Mara nyingi huo ni mtoto wa jicho unaoanza. Mpelekeni apimwe.

*Lawama ni za simu?*

Si zote. Ongezeko lilianza kabla ya simu za kisasa. Kusoma sana kwa karibu kunahusika, na mwanga wa nje una nafasi kubwa. Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, walioanza kutoona mbali walikuwa asilimia 30. Wenzao wasioongezewa, karibu 40. Kwa mtu mzima dawa hiyo imechelewa.

*Nikifanyiwa leza, nimetoka kwenye hesabu?*

Kwenye hesabu ya miwani, ndiyo. Leza huchonga konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Urefu wa jicho unabaki palepale. Kama ulikuwa dayopta −6, hatari ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kubanduka bado unayo. Ukiona ghafla vimulimuli, vidoa vyeusi vingi au kivuli kama pazia, nenda hospitali siku hiyohiyo.